Nani alimuua? Riwaya za upelelezi na Kiswahili bora, kutoka Buluo

Mtu anayejifunza lugha anachoka upesi. Kitabu cha sarufi anakifunga ukurasa wa 10, diksionere inabaki juu ya kabati na vumbi yake. Lakini mpe kitabu ambamo mtu amekutwa maiti ukurasa wa 5, na watu sita wote wanasema hawakuwa hapo. Hicho hakifungi. Hata maneno mengine yakimpita, anaendelea, juu anataka kujua ni nani.

Ndiyo sababu wengi wanaojifunza Kijapani na Kikorea wanachagua riwaya za upelelezi. Kijapani kinaandikwa kwa herufi za Kichina zaidi ya 2000 kwa matumizi ya kila siku, pamoja na aina mbili nyingine za herufi. Kikorea kina alfabeti rahisi, ile iliyotangazwa na mfalme Sejong mwaka 1446, lakini mwisho wa kitenzi chake unabadilika kadiri ya heshima. Bila hamu kali, mwanafunzi anaacha njiani. Maiti ya ukurasa wa 5 inamletea hamu hiyo.

Sasa, hayo yanamhusu nini mtu wa Buluo, hapa Likasi? Yeye hajifunzi Kijapani. Kiswahili amekinyonya kwa mama. Lakini Kiswahili cha nyumbani na kile cha vitabu ni ndugu wawili waliolelewa nyumba mbili. Wanaelewana, ila mara nyingine mmoja anasema neno na mwenzake anasikia lingine. Kwa mwenye kutaka kukifikia kile cha pili, riwaya ya upelelezi ni mlango mzuri, na milango hiyo ipo kwa Kiswahili tangu zaidi ya miaka 60.

Faida yake ni nini?

Kwanza, barabara. Malori yanayopita Kasumbalesa yanateremka mpaka bandari ya Dar es Salaam, na kule karatasi, simu na mabishano ya bei vinafanywa kwa Kiswahili bora. Mwaka 2022 Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Mfanyabiashara asiyetofautisha “nitalipa” na “nimelipa” anaweza kupoteza makuta mengi kwa silabi moja.

Pili, haki. Watu wengi wa mbali wanalijua jina la Buluo kwa ajili ya gereza lake. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema kwamba mtu aliyekamatwa lazima aelezwe papo hapo sababu ya kukamatwa na mashtaka yake, katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 1 kinakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Lakini haki hiyo ina uzito ikiwa mtu anayo maneno ya kuitumia. Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa tu. Mtuhumiwa ni yule aliyenyooshewa kidole waziwazi. Mshtakiwa amekwisha kupelekwa mbele ya hakimu. Mfungwa anatumikia adhabu. Mtaani wote wanne wanaitwa “mwizi”. Katika riwaya ya upelelezi msomaji anamwona mtu mmoja akipita kutoka jina moja hadi lingine, na anaona kila jina linamwondolea nini. Baada ya vitabu viwili maneno hayo yanabaki kichwani bila mtu kuyakariri.

Bwana Msa na wenzake

Mwaka 1957 na 1958 shirika la vitabu la East African Literature Bureau liliendesha shindano la hadithi za Kiswahili. Aliyeshinda ni Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918. Kitabu chake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilitoka mwaka 1960. Mwili wa mtu unakutwa mahali pa mzimu, mahali ambapo watu wanaogopa hata kupita. Wengi wanasema ni kazi ya mizimu. Bwana Msa, mvuta kiko asiye na haraka, anasema tutafute mtu. Rafiki yake Najum anauliza yale maswali ambayo msomaji naye angependa kuuliza.

Bwana Msa alirudi katika *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974) na vingine mpaka *Kosa la Bwana Msa* (1984). Upande wa bara, Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Kisha akaja Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, kuanzia *Kufa na Kupona*. Katika *Kikosi cha Kisasi* Gamba anatumwa mpaka Kinshasa, kwa hiyo msomaji wa Congo anaiona nchi yake kwa macho ya mgeni. Ben Mtobwa naye alimleta Joram Kiango.

Likasi yenyewe imezaa mwandishi mkubwa, V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Lakini riwaya zake ni za Kifaransa. Anayetaka riwaya kwa Kiswahili inabidi aangalie Zanzibar na Dar es Salaam.

Ajabu ni kwamba miaka ileile ya shindano la Abdulla, 1957 na 1958, huko Japani Seichō Matsumoto alikuwa akitoa kwa vipande katika gazeti riwaya yake ya *Ten to Sen*, yaani “nukta na mistari”. Fumbo lake linasimama juu ya saa za treni. Katika stesheni ya Tokyo, kuna dakika 4 tu ambazo mtu wa jukwaa moja anaweza kuona treni ya jukwaa lingine bila treni za katikati kumziba. Kwa mji kama Likasi, uliokua pamoja na reli, fumbo hilo halina ugeni. Mwanafunzi wa Kijapani anayekisoma anatoka akijua namba, saa, siku na majina ya stesheni, juu bila hayo hawezi kumkamata mwongo.

Inafundisha namna gani?

Kitu cha kwanza ni kurudia. Katika hadithi ya mapenzi jambo linatokea mara moja na kupita. Katika upelelezi, usiku uleule unasimuliwa na mpishi, na jirani, na mke, na mlinzi. Maneno yanarudi: mlango, ufunguo, damu, taa, kelele, saa ngapi. Neno usilolielewa kwa mpishi unalikuta tena kwa jirani, na kwa mlinzi umekwisha kulizoea.

Cha pili ni mazungumzo. Mpelelezi anauliza, mtu anajibu. Sentensi ni fupi, na ndizo mtu anazohitaji sokoni, kituo cha polisi au ofisini.

Cha tatu ni sura ya mwisho. Mpelelezi anakusanya watu na kueleza kila kitu tangu mwanzo. Kwa mwanafunzi hayo ni masahihisho. Pale alipoelewa vibaya, kitabu chenyewe kinamrudisha, hahitaji mwalimu kando yake.

Cha nne ndicho kikubwa: upelelezi unalazimisha kusoma vidogo. Katika vitabu vingine silabi inayokupita haikugharimu kitu. Humu silabi moja inaweza kuwa ndiyo alama.

Mfano mdogo, wa kutunga. Mlinzi anamwambia mpelelezi: “Niliusikia ukianguka. Nilipoingia, nikakuta kimevunjika.” Kwa Kiswahili cha kwetu ingekuwa: “Nilisikia inaanguka. Niliingia, nikakuta inavunjika.” Kwetu “i” moja inabeba karibu kila kisicho mtu, kwa hiyo mtu anaelewa kitu kimoja kilianguka na kuvunjika. Lakini mlinzi amesema vitu viwili. Kilichoanguka ni cha “u”: labda mlango, mti, mfuko wa makala. Kilichovunjika ni cha “ki”: labda kioo au kiti. Basi kioo kilivunjwa na nani, na saa ngapi? Msomaji aliyeruka “u” na “ki” ameruka kesi nzima. Sheria ya ngeli, ile inayowachosha watoto shuleni, hapa inakuwa alama za vidole.

Nyakati vilevile. “Nilipofika alikuwa akitoka” na “nilipofika alikuwa ametoka” ni ushahidi wa aina mbili. Katika ya kwanza shahidi amemwona mtu mlangoni. Katika ya pili amekuta nyumba bila mtu huyo. Kwetu tunayo “alisha kutoka”, na inafanya kazi vizuri kabisa. Ila anayesoma lazima ajue kwamba “ametoka” ya kitabu ndiyo “alisha kutoka” ya nyumbani.

Mitego ya mtu wa Katanga

Hapa njo mwanafunzi wa Likasi anapata shida ambayo Mfaransa au Mjapani hana. Mgeni asipojua neno, anajua kwamba hajui. Mtu wa Katanga anakutana na neno analolijua tangu utoto, anapita bila wasiwasi, kumbe limebadili maana.

*Bongo.* Kwetu bongo ni uongo: “ule muntu ni wa bongo”. Kwenye kitabu, bongo ni akili, kile kilicho kichwani. Mpelelezi “anachemsha bongo” pale anapofikiri sana. Mtu wa Buluo anaweza kudhani mpelelezi anapika uongo, na kumshuku mtu pekee aliye safi katika kitabu chote. Katika vitabu vya karibuni Bongo ni jina la utani la Dar es Salaam na Tanzania, juu kuishi kule kunahitaji akili.

*Kilio.* Kwetu kilio ni matanga, mahali watu wanapokaa wakati wa msiba. Kwenye kitabu, “alisikia kilio” ni sauti ya mtu anayelia, labda wakati huohuo anashambuliwa. Ukiweka matanga hapo, umemuua mtu kabla ya saa yake.

*Juu ya nini.* Kwetu ni “kwa nini”. Kwenye kitabu, “mlikuwa mnazungumza juu ya nini?” ni kuuliza habari gani ilizungumzwa. Mpelelezi anataka kujua mada, hataki kujua sababu.

*Saa.* Riwaya za Tanzania zinahesabu saa tangu jua kuchomoza. “Saa mbili usiku” ni saa 20 kwenye telefone. Anayesoma namba kama ilivyo kwenye skrini atakosea saa 6 kamili. Aliyekuwa na wenzake wakati wa mauaji ataonekana hana pa kujitetea, na muuaji atatembea huru mpaka sura ya mwisho.

*Shikamoo.* Kwetu salamu ni “jambo” na “jambo yenu”, hata kwa wakubwa, na heshima inakaa katika kuita “papa”, “mama” au “yaya”. Katika vitabu vya pwani na bara, mdogo anasema “shikamoo” na mkubwa anaitika “marahaba”. Mwandishi hahitaji kutaja umri, salamu imekwisha kuutaja. Kijana akimnyima mzee shikamoo, msomaji wa Tanzania anashtuka. Msomaji wa Likasi asishtuke, ataipita alama hiyo.

Wanafunzi wa Kikorea wana mtego unaofanana na huu. Mtu aliyekuwa akimwambia mwenzake kwa heshima akibadilisha ghafla mwisho wa kitenzi, ni dalili kwamba wanajuana zaidi ya wanavyokiri. Kwa Kijapani neno la kusema “mimi” lina sura nyingi: *watashi*, *boku*, *ore*, na kila moja linaonyesha msemaji ni mtu wa namna gani. Waandishi wa Kijapani wanajua pia kuficha, juu sentensi yao inaweza kukaa bila kutaja mtendaji.

Kiswahili nacho kina pahali pake pa kujificha. “Aliingia, akamfuata, akamuua.” Mwanamume au mwanamke? “A” haisemi. Kifaransa kingelazimika kuchagua kati ya *il* na *elle* mara moja. Kwa hiyo kijana wa Likasi aliyezoea kusoma Kifaransa ajihadhari: kichwa chake kitamweka mwanamume pale ambapo kitabu hakikuweka mtu yeyote.

Kiswahili cha kwetu hakitupwi

Kuna wanaosikia maneno “Kiswahili bora” wakafikiri kile cha nyumbani ni kibovu. Historia inakataa. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani mwa wazungu, aliandika historia ya mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha Katanga. Maandishi hayo yanaitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Mtaalamu Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990 pamoja na maelezo yake, na wasomi wa nchi nyingi wanayasoma. Lugha iliyobeba historia ya mji mzima si lugha mbovu. Kile kinachokosekana ni nyumba ya pili ya kuingia pale kazi inapoitaka.

Mfano wa Korea unafaa hapa. Kim Nae-seong, aliyezaliwa mwaka 1909, anahesabiwa kuwa baba wa riwaya ya upelelezi ya Kikorea. Wakati ule Korea ilikuwa chini ya Japani, naye alisoma Tokyo. Hadithi yake ya kwanza ya upelelezi aliitoa mwaka 1935 katika gazeti la Japani, kwa Kijapani, lugha ya mtawala. Baadaye alirudi kwao akaandika kwa Kikorea, na mwaka 1939 akatoa riwaya yake kubwa, *Main*. Lugha ya shule ilimfundisha ufundi, na ufundi aliupeleka nyumbani. Mjapani aliyemtangulia, Edogawa Ranpo, alifanya jambo lisilo mbali na hilo: jina lake la uandishi alilitunga kutokana na matamshi ya jina la Mmarekani Edgar Allan Poe, na hadithi yake ya kwanza, ya mwaka 1923, ni ya Kijapani kitupu.

Kuanza, hatua kwa hatua

Anayetaka kujaribu hahitaji kozi. Kitabu kimoja kinatosha watu wanane. Anayesafiri Dar es Salaam au mwenye ndugu anayefanya kazi ya lori anaweza kuagizwa, na kikifika kinasomwa kwa zamu.

Kwa mwanzo, vitabu vya Musiba na Mtobwa ni vyepesi zaidi: sentensi zinakwenda mbio na mji ni wa siku zetu. Bwana Msa afuate baadaye. Kiswahili chake ni kitamu lakini ni cha Unguja ya zamani, chenye misemo na maneno ya Kiarabu. Anayeanza naye anaweza kukata tamaa bure.

Kurasa 20 za kwanza zisomwe polepole, hata mara mbili. Humo wanaingia watu wote. Kwenye kaye, ukurasa mmoja uwe wa majina: huyu ni nani, ana uhusiano gani na marehemu, anaitwaje na wengine. Ukurasa wa pili uwe wa saa, na kila saa iandikwe kwa namna mbili, ya kitabu na ya telefone.

Diksionere isifunguliwe kwa kila neno. Anayefungua mara 30 kwa ukurasa hasomi tena. Neno likitokea mara ya kwanza, lipite. Likirudi mara ya tatu, litafutwe. Likitoka mdomoni mwa mpelelezi mara mbili katika mazungumzo mamoja, litafutwe palepale, juu mpelelezi harudii maneno kwa bahati.

Ukurasa wa tatu wa kaye uwe wa maneno ya mtego: yale ambayo yanafanana na ya kwetu lakini yanasema kingine. Bongo, kilio na juu ya nini yawe ya kwanza, na kila msomaji aongeze yake. Baada ya kitabu kimoja orodha hiyo ina thamani kuliko kitabu chenyewe, maana inamwonyesha mtu ni wapi hasa Kiswahili chake na kile cha bandarini vinapishana.

Wakisoma kwa kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Kabla ya sura ya mwisho, wasimame. Kila mmoja aandike jina moja kwenye kipande cha karatasi na sababu yake kwa Kiswahili bora, sentensi tatu zenye ngeli na nyakati sawasawa. Asiyeweza kuandika sababu, jina lake lisihesabiwe hata kama atakuwa amepatia. Katika riwaya, na vilevile mbele ya hakimu, kumtaja mtu bila kueleza alikuwa wapi, saa ngapi na alishika nini, hakutoshi kumhukumu.

Kisha wafungue sura ya mwisho na kuisoma pamoja.